Petali za Beseni la Makongeni

Mama alirudi kutoka Ruiru Jumapili jioni akinukia waridi, na kabla hata Gathoni hajamvua koti, alijua wiki hiyo haitakuwa na amani.

"Shiko ana kitu kama mtumbwi huko bafuni," Mama alisema, akijitupa kwenye kochi. "Unalala ndani mzima mzima. Maji ya moto mpaka hapa! Halafu akanimwagia maua juu. Maua ya waridi, Gathoni. Nimekaa humo kama bibi harusi."

"Vizuri," Gathoni alisema, akainama kumvua viatu.

Shiko alikuwa mdogo wake. Alikuwa amehamia nyumba mpya ya kukodi huko Gitothua, Ruiru, ghorofa ya tatu, yenye bafu la kulala. Gathoni aliishi Makongeni, Thika, vyumba viwili na mfereji mmoja uani. Tangu magoti ya Mama yalipogoma, ni yeye aliyekuwa akimwosha kila jioni kwenye beseni, akitoka kazini katika kiwanda cha matunda ambako alisimama kutwa akiosha mananasi yanayopita mbele yake. Beseni lile halikuwahi kusifiwa na mtu yeyote.

"Maitu anataka nihamie kwake," Mama aliongeza, akiangalia kando. "Anakuja Jumamosi nimpe jibu."

Maitu ni "mama yangu" kwa Kikuyu, na Mama alikuwa akimaanisha Shiko. Kwa desturi yao, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na wa pili jina la mama wa mama. Hivyo Shiko alibeba jina la nyanya mzaa mama, na tangu akiwa mchanga Mama alimwita maitu, kwa sauti ya kubembeleza. Gathoni alibeba jina la mama mkwe wa Mama. Na nani humbembeleza mama mkwe? Yeye aliitwa Gathoni tu, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi.

Wivu wake haukuwaka. Ulifuka kama kuni mbichi, moshi mwingi kuliko moto. Ulifuka kazini, mananasi yakipita. Ulifuka akichemsha maji, akisikia Mama akimsimulia jirani habari za mtumbwi. Jioni moja alijikuta amemsugua Mama mgongo mpaka Mama akasema, "Polepole, mimi si sufuria."

Jumamosi alitoka kazini mchana. Njiani, karibu na mochari, palikuwa na kibanda cha Calvince, kijana anayefunga mashada ya maua ya mazishi. Mezani alikuwa ameweka mifuko ya petali nyeupe zilizochambuliwa tayari. Gathoni alisimama. Petali ni petali, alijiambia.

"Pole sana, siste," Calvince alisema. "Ni nani ametuacha?"

"Hakuna. Nataka za kuogesha."

Calvince alivua kofia. "Kumwogesha nani?"

"Mama yangu."

"Woi. Pole kabisa. Mama ni mama."

"Mama yuko nyumbani anakunywa chai!"

Calvince alimtazama, akatazama petali, akarudisha kofia kichwani. "Basi msalimie sana," alisema.

Nyumbani Gathoni aliziosha petali kwanza, kama anavyoosha kila kitu, maji baada ya maji. Alichemsha maji, akavuta pazia, akamketisha Mama kwenye stuli, miguu ndani ya beseni na leso mabegani. Kisha akachota petali kwa mkono na kuzirusha.

Mama aliganda. Petali moja ilimnata kwenye goti. Aliibandua, akaitazama.

"Gathoni, haya ndiyo tulimrushia baba yako kaburini."

"Ni maua tu, Mama."

"Umeyarusha hata kwa mkono uleule. Kwani unanizika nikiwa nimeketi?"

Mama alisema kwa mzaha, lakini mzaha uliingia pabaya. Gathoni aliweka chini kopo la kuchotea maji.

"Ya Shiko yalikuwa ya bibi harusi," alisema, "yangu ni ya kaburi. Hata nikifanya nini. Kama unataka kuenda, enda. Nguo zako nimeshazifua."

Mama aliitupa ile petali majini.

"Unafikiri ni maua nilipenda kule?" Mama aliuliza. "Shiko aliketi. Aliketi kando ya kile kitu chake tukaongea mpaka maji yakapoa. Wewe unaniosha kama nanasi. Geuka, inua mkono, kwisha."

Gathoni aliitazama mikono yake.

"Huwa nimechoka, Mama."

"Najua. Hata sijasema ni vibaya." Mama alikoroga petali kwa kidole cha mguu. "Mama ya baba yako aliniosha hivyo hivyo ulipozaliwa. Alinisugua kama anatafuta kitu kimepotea. Hakusema neno. Lakini kila asubuhi alikuwa mlangoni na maji ya moto. Mama yangu mwenyewe hakuja hata siku moja."

Hilo Gathoni hakuwahi kulisikia. "Kwa nini hakuja?"

"Keti nikwambie. Huwezi kuambiwa ukisimama hapo kama askari."

Gathoni alivuta mtungi wa plastiki wa maji, akaukalia. Mama alieleza kwamba aliolewa bila ridhaa ya mama yake, na mama yake akaapa kutovuka kizingiti cha binti yake. Aliapa akatimiza, hadi kufa.

"Kwa hivyo huyu mdogo wako nikimwita maitu," Mama alisema, "siku zingine ninamwita yule aliyekataa kuja. Nambembeleza bado. Wewe sikuhitaji kukubembeleza. Wewe ulikuwa unakuja tu."

Gathoni aliliokota kopo. Alichota maji akamwagia mabega yale, na kwa mara ya kwanza aliyaona yanavyoshuka, hadi tone la mwisho.

"Hodi! Sasa, watu wa Thika?" Shiko aliingia na mkoba mkubwa mtupu, akachungulia kwenye pazia. "Ala! Kwani mmefungua spa bila kuniambia? Na mbona maua ni ya matanga?"

Mama na Gathoni walitazamana, wakaangua kicheko mpaka maji yakamwagika.

"Mnacheka nini?"

"Hadithi ya nyanya zenu," Mama alisema, akipangusa macho. "Maitu, kuhama hapana. Jumapili nitakuja niingie kwenye mtumbwi wako, halafu jioni unirudishe hapa."

Shiko aliushusha mkoba. "Sawa. Lakini hadithi gani hiyo? Mimi mbona sijawahi kuambiwa?"

Katika sauti yake kulikuwa na moshi kidogo, na Gathoni aliujua moshi huo, maana ni wa kuni zake mwenyewe. Kando ya ukuta palikuwa na mtungi wa pili. Angeweza kumsogezea dada yake mara moja. Kwanza alimmwagia Mama kopo moja, polepole, kisha jingine, ndipo akausogeza.