Koti la Kuapia

Mjini pale alibaki fundi cherehani mmoja tu, na Kamanda alilijua hilo. Miaka yote ya vita kundi lake ndilo lililokuwa serikali: lilihukumu, lilitoza ushuru, lilichukua watoto wa watu. Sasa wakubwa wamepatana, na mchana huu Kamanda anaapishwa mkuu wa polisi. Fisi kakabidhiwa bucha, tena kwa sherehe!

Alisimama mbele ya kioo cha fundi, koti jipya la sare limemkaa sawasawa. Mlinzi wake alikuwa mlangoni na bunduki.

"Mama, hapa umenipatia."

"Hebu inua mkono, baba, kama unaapa."

Akauinua. Kwapa likafumuka lote, trrr! Mlinzi akaikamata bunduki.

Lakini fundi maji alishayavulia nguo. "Nimelipiga bandi tu," alisema. "Nyuzi za muda, za kupimia. Wageni wako wameshaanza kuingia uwanjani. Mwanangu mlimkamata akiwa mtoto, pale kwenye kizuizi cha barabarani, nilipomtuma mafuta ya taa. Mlete, nishone."

"Na nikikupiga risasi?"

"Utaapa kwapa wazi."

Kamanda akamkazia macho, kisha akaangua kicheko. "Mama huyu kiboko!" Akamgeukia mlinzi. "Kamwite Sindano, yule mtoto wa fundi."

Sindano? Nyumbani hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Fundi aliomba Mungu kimoyomoyo: awe mgonjwa, awe kilema, mradi awe hai.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia kijana mrefu, bunduki begani, akapiga saluti.

"Umeniita, afande?"

Ni yeye! Kovu la pasi lilikuwa pale pale mkononi. Fundi akamrukia, akamkumbatia, akalia kwa sauti bila haya, mkanda wa bunduki ukimkwaruza shavu. Kijana alisimama wima tu, macho kwa Kamanda.

"Uko huru," Kamanda akamwambia. "Nenda na mama yako."

"Niende wapi, afande?"

Swali hilo lilimchoma fundi kuliko ile miaka yote ya kungoja.

Kamanda akavua koti, akamkabidhi. "Ahadi ni deni, mama."

Fundi akaketi kwenye cherehani. Akashona kwapa lile mishono miwili miwili, likawa imara, maana kazi mbovu hakuwahi kumpa mteja. Machozi yalidondokea kitambaa, akayafuta kwa kiganja.

Mwanawe akasogea, akainama sikioni pake, kwa upole ule ule wa zamani.

"Mama, ukimaliza la afande, nipime na mimi."