Chupa Isiyotaka Hewa

Mama alikuwa mkunga, na kwa mkunga, hata akistaafu, kiumbe aliyezibwa pumzi ni dharura. Ndiyo maana bintiye alipotoka maabara kupokea simu ya mkurugenzi, yeye aliweka chini kapu la chakula alilomletea, akakitazama kichupa kilichozibwa kwa mpira, akakumbuka kuambiwa kina bakteria walio hai. Akakifungua.

Binti aliporudi, maji ya kichupa yalikuwa yamegeuka ya waridi. Mama alitabasamu.

"Ona walivyopata rangi," alisema.

Binti alikiziba upesi, lakini bure. Rangi ile iliwekwa makusudi ili ionyeshe hewa ikiingia, na kwa bakteria wale hewa ni sumu. Aliwatoa kwenye tope nyuma ya kiwanda kilichofungwa, kile kilichoharibu kisima cha mtaa wao, kwa sababu walikuwa wanaila ile kemikali ya kiwanda. Lakini kila alipowatenga na wenzao wa topeni walidhoofika wakafa, na hiki kilikuwa kichupa cha mwisho. Hakumfokea mama. Alimgeuzia mgongo, jambo lililouma zaidi, na mama akaenda zake akilisahau kapu.

Basi, kufa wamekufa, lakini vinasaba vyao vilikuwa bado vinasomeka. Binti aliyakusanya mabaki, akatoa vinasaba, akaviingiza kwenye mashine. Majibu yalipotoka alikuta jeni za kuvunja kemikali, tena si haba. Za kutengeneza vitamini B12 hazikuwepo. Kumbe maskini walikuwa wanaishi kwa kuiombaomba kwa majirani zao wa topeni, na yeye, kwa kupenda usafi, ndiye aliyewafukuza majirani. Wangekufa tu, mama afungue asifungue. Aliona aibu, akampigia mama simu saa ileile.

Walirudi topeni pamoja kuchota wengine. Kichupa kipya kilipokuwa tayari, mama alisimama mlangoni, mikono nyuma, hataki hata kuisogelea meza. Binti akamnyooshea sindano yenye vitamini, iliyokwisha kuondolewa hewa yote.

"Mimi tena?" mama aliuliza.

"Wewe, mama. Mkono wako umezoea sindano."

Mama aliipitisha ncha kwenye mpira taratibu, akasukuma, akachomoa. Wakainama wote wawili kukitazama kichupa, wamebana pumzi. Maji yakabaki bila rangi.