Hajaniita Bado

Alfajiri nilisikia miguu ya meza ya kupigia pasi ikilia jikoni, kama bawaba iliyokosa mafuta. Dada yangu Arzula alikuwa ameamka kabla yangu ili aninyooshee blauzi. Hakuwa ameniambia jana yake. Angeniambia ningekataa, maana vidole vyake vina baridi yabisi na asubuhi havikunjuki vizuri.

"Rudi ulale," alisema aliponiona mlangoni. "Unatembea kama kuku aliyekwamiwa na yai."

"Na wewe unapiga pasi kama unagombana nayo."

"Nagombana na watu wengine. Siwafikii, ndiyo maana naipiga blauzi."

Nilijua anaowasema. Kila Februari, tangu nilipostaafu, mimi huenda shuleni hapa mjini kuwasimulia watoto wa darasa la tano habari za mama yetu na namna watu weusi wa kaunti hii ya Alabama walivyoipata haki ya kupiga kura. Baadhi ya niliowasimulia zamani sasa wana watoto wao darasani humo. Lakini mwaka huu halmashauri ya shule ililipitia somo hilo kwa mkasi. Jioni iliyotangulia Mwalimu Kimbrough, msichana mpole mwenye darasa lile, alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia kisha akanawa uso.

"Wanasema mgeni asome ukurasa ulioidhinishwa tu, Bibi Stallworth. Bwana Haskew, mwalimu mkuu msaidizi, atakaa nyuma kusikiliza. Tukifuata ukurasa, somo litabaki. Tusipoufuata, mwakani wanaliondoa lote." Akashusha sauti. "Na mimi bado sijathibitishwa kazini." Kisha akaona haya kwa kulisema hilo, akaanza kuniomba radhi.

"Usiniombe radhi, mwanangu," nilimwambia. "Nitasoma."

Sasa Arzula alinikabidhi blauzi ikiwa bado ina joto. "Kwa hiyo utasoma kama kasuku?"

"Kama kasuku aliyechoka."

"Mama angesemaje?"

"Mama hakuwa na magoti haya."

Alicheka, lakini alinifunga vifungo vya nyuma polepole, kimoja kimoja. Akanipakulia uji mzito wa mahindi na yai juu yake. Nilikula kidogo tu. Kusema kweli sikuwa na hasira. Hasira inataka nguvu, na nguvu zangu nilizitumia zamani. Nilichotaka ni kusoma kile walichotaka, somo libaki, na msichana yule asipoteze kazi. Nilijiambia kwamba kidogo kinachobaki ni bora kuliko kutobaki na chochote.

Mwalimu Kimbrough alikuja kunichukua kwa gari lake. Alikuwa amesogeza kiti cha mbele hadi mwisho ili mguu wangu mbaya upate kunyooka.

Darasani, Bwana Haskew alinyanyuka nilipoingia. Ni mtu mrefu, mweupe, mwenye mabega ya kuinama, na namjua kwa adabu zake. Aliniletea kiti chenye mto kutoka ofisini kwake, akakijaribu kwanza kwa mkono kama hakiyumbi. Kisha akaenda kukaa nyuma.

Nilivaa miwani. Ukurasa ulikuwa mmoja, wenye picha ya mama yangu amesimama mbele ya ofisi ya kaunti na kofia yake ya kanisani. Nikasoma:

"'Zamani, wakazi wengine wa kaunti yetu hawakuwa wakipiga kura. Bwana Orrin Lathem alikuwa karani wa uandikishaji. Lutie, mpishi, alikuwa miongoni mwa wakazi waliotaka mabadiliko. Baadaye, mabadiliko yalikuja.'"

Ndiyo basi. Maisha ya mama yangu yalikwisha kabla sijahitaji kuvuta pumzi ya pili. Niliinua macho nikaona watoto wananitazama kama watu waliokaribishwa chakula wakapewa sahani tupu.

Msichana mmoja wa mbele, Maylee, mwenye pengo la meno, alinyoosha mkono.

"Lutie nani?"

"Dubose," nikasema. "Lutie Dubose."

"Ni mtu mzima huyo kwenye picha?"

"Alikuwa na watoto wawili tayari. Mmoja ni mimi."

Maylee aligeuka akatazama ukuta wa mlangoni. Pale pamebandikwa kanuni za shule, na ya kwanza inasema: Mwite kila mtu mzima Bwana au Bibi, pamoja na jina la ukoo.

"Basi huo ukurasa hauna adabu," akasema.

"Maylee," Mwalimu Kimbrough alisema kwa sauti ndogo.

"Lakini karani wamemwita Bwana! Yeye wamemwita Lutie tu, kama paka. Mimi nilimwita mpishi wa hapa jina lake tupu, Bwana Haskew akaninyima mapumziko!"

"Kweli alimnyima," mtoto mwingine akadakia. "Akaandika kanuni mpaka mkono ukavimba."

"Haukuvimba, mwongo wewe."

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule na sikuliona jambo hilo. Masikio yangu yalizoea. Aliyeuandika naye nadhani hakuliona; alinakili kutoka gazeti la wakati ule, na desturi ya wakati ule ikapita naye bila kubisha hodi.

"Kwa nini hawakumwita Bibi Dubose?" Maylee aliniuliza.

Nilimtazama Mwalimu Kimbrough. Alikuwa ameshika ukingo wa meza yake. Nikakunja ukurasa mapajani. Kumjibu mtoto kulikuwa kumhatarisha msichana yule, na kutomjibu kulikuwa kumwita mama yangu paka mara ya pili. Nikamtazama Bwana Haskew.

Alikuwa anaisoma kanuni yake mwenyewe ukutani. Kisha akasema kwa uchovu, kama mtu anayeweka mzigo chini, "Mtoto ameuliza swali, Bibi Stallworth. Hapa tunajibu maswali ya watoto."

Basi nikajibu.

Niliwaambia kwamba enzi zile Bwana na Bibi yalikuwa majina ya weupe peke yao. Sisi tuliitwa majina matupu, na ukizeeka unaitwa shangazi na watu wasio na undugu nawe. Mama alikwenda kujiandikisha kupiga kura akanichukua. Tulikaa kwenye benchi. Karani akaita, "Lutie!" Mama hakuinuka. Akaita tena, "Wewe, Lutie!" Mama akatazama mkoba wake.

"Nilikuwa mdogo na nimebanwa na haja," niliwaambia. "Nikamvuta mkono: 'Mama, anakuita.' Akaniambia, 'Hajaniita bado.'"

Hakuna mtoto aliyecheka.

"Tulikaa mpaka ofisi ikafungwa. Siku nyingine tukarudi, na nyingine tena. Akafukuzwa kazi ya upishi. Siku moja wakamtia ndani kwa kukaa tu kwenye benchi, na jirani yetu akatulisha mimi na dada yangu bila kuulizwa."

"Hakuitwa kamwe?"

"Sheria ilipobadilika waliweka karani mpya, kijana. Akasoma karatasi, akasema, 'Bibi Dubose.' Nikadhani mama ataruka. Hakuinuka. Akasema, 'Samahani, sikusikia vizuri.' Kijana akarudia. Mama alikuwa amesikia tangu mwanzo. Alitaka tu kulisikia tena."

Kengele ikalia. Watoto wakaanza kusukuma viti.

Bwana Haskew alikuja kunishika kiwiko niinuke.

"Itabidi niwaambie halmashauri kilichotokea," alisema. "Nitasema mimi ndiye niliyeruhusu. Mwalimu Kimbrough hahusiki."

"Asante, Bwana Haskew. Na somo?"

Alivuta pumzi. "Sidhani kama litabaki. Siwezi kukudanganya."

Nilishukuru kwamba hakunidanganya. Mwalimu Kimbrough alinivisha koti, akanifunga mpaka kidevuni kana kwamba nje kuna theluji. Nilikuwa nimechoka hata kope. Nilifikiria ngazi za kwangu, na Arzula ambaye angetaka kusimuliwa yote kabla sijavua viatu.

Mlangoni Maylee alikuwa ananisubiri, mkoba begani.

"Nimesikia," alisema. "Watakukataza."

"Huenda."

"Kuna siku ya babu na bibi zetu, tunakula nao chakula cha mchana hapa shuleni. Haihitaji ukurasa. Bibi yangu yuko mbali, haji." Alitazama viatu vyake. "Piza yao ni mbaya, inafanana na kadibodi. Lakini unaweza kuja kama bibi yangu. Utakuja tena, Bibi Stallworth?"

Masikio yangu ni mazima, nilimsikia vizuri. Hata hivyo niliinama kidogo, nikaweka mkono sikioni.

"Samahani, mwanangu. Unasemaje?"

"Njoo tena, Bibi Stallworth," akarudia, kwa sauti kubwa. "Njoo tena."