Gasketi ya Mzee Keraryo

Lori likikohoa njiani, kila abiria huwa daktari. Dafroza, mjumbe wa kamati ya pamba ya kijiji, alikuwa ameketi juu ya magunia, na tayari alikwishataja magonjwa matatu: petroli imechanganywa na mafuta ya taa, plagi zimekufa, au kuna mtu kalitia jicho. Magige, dereva wa kijiji na fundi wake huyo huyo, alikuwa ameinama chini ya boneti, jasho linamdondoka puani. Ugonjwa aliujua tangu walipopita Butiama.

Kijiji chao cha ujamaa kilikuwa na lori moja, na hata hilo lilikuwa la kuazimwa. Bwana Apolinary wa wilayani aliwaambia wazi: pamba ya mwisho ifike kinuni Bunda leo kabla geti halijafungwa, na lori lifike zima. Likilala njiani tena, litakwenda kwa kijiji kingine kinachojua kutunza mali ya umma. Magige ndiye aliyesimama mkutanoni akaapa kwamba litafika. Likichukuliwa, msimu ujao watu watabeba pamba kwa punda na kwa vichwa, naye atarudi kwenye jembe na aibu yake.

Sasa sikia ilivyokuwa. Wiki iliyopita maji yaliingia kwenye tangi. Magige alilishusha, akalisafisha, akafungua kabureta, panapochanganyika petroli na hewa, na kuipuliza tundu moja moja. Kazi safi, sina la kumsema. Lakini wakati wa kung'oa kabureta, gasketi ya chini yake ikachanika. Gasketi ni kipande chembamba tu, kinakaa katikati ya vyuma viwili ili hewa isipenye, lakini mwaka ule wa sabini na nne ungezunguka maduka yote ya Musoma ukaambiwa hakuna, njoo mwezi ujao. Ndipo mzee Keraryo, baba mkwe wake, mshona ngozi anayesifika hadi Mwitongo, nyumbani kwa Rais, akauliza, "Kwani ng'ombe wameisha?" Akalowesha ngozi ya ndama, akaikata kwa kisu chake kufuata chuma, matundu yote mahali pake. Lori likawaka vizuri. Watu wakapiga makofi, na mzee akazunguka kijijini siku nzima kama aliyezaa mapacha.

Ngozi mbichi ikiwa na maji hutii. Ikipigwa na moto hukauka na kujikunja. Nani kwao hajui hilo, watu waliolalia ngozi tangu utotoni? Furaha iliwasahaulisha. Sasa kila injini ilipopata moto ilianza kutetemeka, na Magige alipovuta choki kupunguza hewa, ilitulia kidogo. Basi kuna hewa iliyokuwa ikiingia pasipotakiwa. Pa kuingilia alipajua.

Tatizo lilikuwa mzee mwenyewe, aliyesafiri nao na sasa ameketi juu ya jiwe kando ya barabara, anamtazama. Kwao mtu hamkosoi baba wa mkewe hata nyumbani, sembuse mbele za watu. Basi Magige akafungua plagi, akazipangusa, akazirudisha. Akafungua chujio. Akapuliza bomba la petroli mpaka midomo ikamuwasha. Kazi ya bure, na alijua ni ya bure, na aliuchukia woga wake. Upande wa ziwani wingu lilikwisha kuwa jeusi, na turubai hawakuwa nalo.

"Mkwe," mzee akasema, "hiyo chujio unaifungua mara ya pili."

"Ndiyo, baba."

"Ina nini?"

"Haina kitu, baba."

Dafroza akacheka kule juu. "Magige, mficha maradhi kifo humuumbua. Sema ugonjwa, pamba italowa."

Magige akatazama wingu, akamtazama mzee. Akawasha injini, ikaanza kutetemeka. Akachukua chupa ya maji ya kunywa, akasema bila kuinua macho, "Baba, naomba usogee uone." Akadondosha maji kwenye ukingo wa ngozi. Yakafyonzwa ndani, na injini ikatulia, ikanguruma sawasawa. Maji yalipokwisha, ikakohoa tena.

Keraryo akamnyang'anya chupa akadondosha mwenyewe. Ikatulia. Ikakohoa.

"Ngozi yangu," akasema.

"Imekauka, baba."

"Umejua tangu wapi?"

"Butiama."

Magige akasubiri kutukanwa.

"Nilikuwaga najivuna nina mkwe mwenye adabu," mzee akasema. "Kumbe nina mkwe anayeniacha nitembee na suruali iliyochanika nyuma. Adabu gani hiyo ya kulowesha pamba ya watu? Zima hilo lori. Nipe kitu kigumu nikate."

Dafroza akamwaga vitu vyake kutoka kwenye boksi la sabuni, akalirusha chini. Magige akafungua kabureta, vidole vinaungua. Mzee akaweka ile ngozi juu ya boksi iwe kipimo, akakata, wakakilowesha kipande hicho cha karatasi ngumu kwa oili na kupaka sabuni ya Dafroza kingoni. Nati zikakazwa. Lori likawaka, likapanda kilima na mzigo wake wote bila kikohozi hata kimoja, na Magige akajikuta anaimba.

Bwana Apolinary alikuwa amesimama getini Bunda. "Watu wa basi lililowapita wamesema mmekwama njiani. Lori bovu?"

Magige alifungua mdomo asingizie barabara, lakini mzee akamwahi.

"Lilikuwa bovu. Nililiharibu mimi kwa ngozi yangu, na huyu alijua akaninyamazia. Tumekwisha kugombana. Lisikilize sasa."

Apolinary akaegemeza sikio kwenye boneti kwa muda. "Haya, ingizeni," akasema. "Na msimu ujao mtakuja nalo."

Magunia yakaanza kushushwa. Mzee Keraryo, miguu imemchoka, akaketi juu ya gunia lililokuwa tayari kwenye mizani. Karani akakohoa, akatazama pembeni. Dafroza naye akatazama pembeni. Magige akasema kwa sauti, mbele ya uwanja mzima:

"Baba, umekalia pamba inayopimwa. Simama."

Mzee akasimama upesi, akajipangusa suruali, akacheka mpaka machozi yakamtoka.