Niliandika "Hakuna"

Mwanangu wa kwanza aliishi siku sita. Maambukizi yaliingia kwenye damu, na aliyeyaingiza nilimjua: muuguzi wa wodi ya wachanga, niliyemwona kwa macho yangu mawili akimshika mtoto wa kitanda cha pili, kisha wangu, bila kunawa. Nikaapa kazi ataiacha.

Hospitali ikanipa fomu ya malalamiko. Sehemu moja iliuliza kama ukoo wetu umewahi kupoteza wachanga. Nikaandika: hakuna. Daktari alishanieleza kwamba yule wa kitanda cha pili alipata vimelea vilevile akapona, kwamba kuna watoto wanaorithi vinasaba vinavyoufanya mwili uchelewe kumtambua adui, au upigane ovyo hadi ujiumize wenyewe. Nikaona wanamtafutia mwenzao mlango wa kutokea. Mlango huo nikaufunga.

Kamati ya malalamiko ilijikokota mwaka mzima, ikapanga kikao Jumatatu. Alhamisi kabla yake mke wangu akajifungua tena, hospitali ileile, hatuna nyingine. Jumamosi asubuhi mtoto akakataa ziwa.

Akaja yeye, muuguzi yuleyule. Akanawa mbele yangu, taratibu, hadi viwikoni, kisha akampima.

"Joto limeshuka kidogo chini ya kawaida. Daktari anasema tumwangalie hadi jioni, maana historia yenu ni safi." Akanigeukia. "Baba mtoto, kwenu hakuna mchanga aliyewahi kuondoka hivi?"

"Si umesoma fomu? Au macho nayo yamechoka kazi?"

"Nimeisoma. Sasa nakuuliza wewe."

Mama yangu alikuwa pembeni akikunja nepi. Mikono yake ikasimama. Kabla yangu alizaa watatu, na hakuna aliyefikisha siku kumi. Nilikuwa nimemkanya: mama, hilo tulimeze hadi nimalizane na huyu mwanamke.

Nikisema, kesi yangu inakwenda na maji. Mwaka mzima nimelala nayo, nimeamka nayo. Mke wangu akamsogezea mtoto ziwa mara nyingine. Midomo haikufunguka.

"Watatu," nikasema. "Mama alizika watatu."

"Mwanangu," mama akasema, akaanza kulia.

Nilingoja muuguzi anisute. Hakunisuta, na hilo liliniuma kuliko kofi. Alikwishatoka mbio. Alirudi na daktari. Wakachukua damu ya kupima, wakamchoma sindano mkononi, dawa ikaanza kudondoka kwenye mpira bila kungoja jioni.

Daktari alipotoka, muuguzi akabaki akibandika plasta.

"Jumatatu utakuja?"

"Nitakuja."

"Na hayo ya watatu utayasema?"

"Nitayasema. Na niliyoyaona siku ile nitayasema pia. Usidhani umepona."

"Sawa. Shika mkono wake huu, asing'oe sindano."

Nikaushika.