Kuti Njiani kwa Saipo

Saa nane mchana ndege kutoka mjini Nouméa ingetua kisiwani Lifou na wageni sita, wa kwanza kulala katika nyumba ya makuti aliyoijenga Saipo mwaka mzima kwa mikono yake. Sasa ilikuwa saa nne asubuhi, na njia pekee ya kuifikia, inayopita ardhi ya mzee Wadria, ilikuwa imelazwa kuti bichi la mnazi.

Kuti tu. Hata kuku angelivuka. Lakini ndiyo alama ya mwenye ardhi kwamba njia imefungwa, na hakuna mtu wa kijiji kile ambaye angeinua mguu juu yake, na Saipo, pamoja na mdomo wake wote, alikuwa mtu wa kijiji kile.

Kosa lilikuwa lake. Alibandika na kugawa uwanja wa ndege karatasi ya "Mambo Muhimu kwa Mgeni": maji ya mvua usiyachezee, benki iko mjini Wé tu, uje na kitambaa na noti ya kubishia hodi kwa wenyeji. Mwishoni, kwa raha zake, akaongeza: "Ghuba ya chini ya mwamba, karibuni mwogelee." Ghuba ni ya Wadria, na ndiko walikolala babu zake. Jana watalii watatu walijimwagia humo, karatasi mkononi.

Kosa la pili alilifanya alfajiri. Alibeba kitambaa, noti ya faranga elfu na tumbaku, akaenda mbio kuomba radhi. Wadria hakuvitazama.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mzee."

"Basi hujaja," akasema Wadria, akaendelea kumenya kiazi.

Neno la ukoo wa Saipo humfikia Wadria kwa mdomo mmoja tu, wa baba mkubwa Hnamano. Na Saipo ndiye aliyeiga hotuba ya Hnamano arusini, akajifanya kusinzia katikati yake, watu wakashika mbavu. Tangu siku ile hawasalimiani.

Akaenda kwa Hnamano. Akaketi chini, akaweka kitambaa mkekani.

"Baba mkubwa, nimeharibu."

"Sema kwa kirefu," akasema Hnamano. "Mimi napenda hotuba ndefu."

Akasema. Machozi yakamtoka bila ruhusa, na mzee hakumkatiza hata pale alipoanza kurudia.

Saa saba walikuwa kwa Wadria. Hnamano alizungumza taratibu, akitaja babu kwa babu, huku Saipo akihesabu dakika na kuuma ulimi. Wadria akakiokota kitambaa. Saipo akashusha pumzi.

"Radhi nimeipokea," akasema Wadria. "Kuti litaondoka tukishakula viazi vikuu vipya."

Miezi miwili hadi mavuno. Saipo alifungua kinywa. Mkono wa Hnamano ukamtua gotini, mzito, akakifunga.

Ndege iliwapita juu wakiwa barabarani. Saipo alikaa kwenye jiwe. Alikuwa na ubao wenye majina sita na hana pa kuwalaza hata mmoja.

"Simama," akasema Hnamano. "Watalala kwangu. Mikeka ipo."

Saipo akainuka, ubao wake kwapani.

"Ila waambie mapema, uwaandikie kwenye karatasi yako," mzee akaongeza, akitangulia. "Kabla ya kula, mwenye nyumba huhutubia. Na wewe utakaa mbele, macho wazi."