Koti la Kazi ya Betri

Wivu wa Wangeci ulianza siku mtoto wa jirani alipohesabu mayai ya kuku mpaka kumi na mbili bila kukosea. Brenda wa jirani huyo, Jemutai, na Muigai wa Wangeci walizaliwa wiki moja, ploti moja, hapo mtaani Kimumu. Sasa wamepita miaka mitatu, na Muigai bado ni "mama" na "maji", basi.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba baba zao kazi yao ilikuwa moja. Githinji wake na Kipyego wa Jemutai walivunja betri kuukuu za magari, wakayeyusha risasi, yale madini mazito ya ndani, wakauza. Unga ni ule ule, sukuma wiki ni ile ile. Huyu amepewa nini ambacho wangu amenyimwa?

Akaanza kuwachunguza. Kila jioni Kipyego alivua nguo za kazi nje, akaoga, ndipo akambeba mtoto.

"Mama Brenda," Wangeci akamchokoza, "kwani huyo wako ni malkia? Babake hawezi kumshika hivyo hivyo?"

"Mama Muigai, kliniki waliniambia vumbi la betri linaharibu akili ya mtoto mdogo. Hata nyinyi mngejaribu..."

"Haya, kliniki ni yako peke yako. Maringo tu."

Jioni hiyo baridi ya Julai ilikaza. Githinji alipoingia, Wangeci alimvua koti la kazi, akamfunika nalo Muigai, akamweka mlangoni makusudi, Jemutai aone kwamba hata huku mtoto anapendwa na babake. Muigai akalala akinyonya kola. Ikawa desturi kila jioni, msimu wote wa baridi.

Mwaka uliofuata mwalimu wa nasari aliwaambia wampeleke mtoto hospitali. Damu ikapimwa.

"Risasi ni nyingi," daktari akasema. "Mkimtoa kwa hilo vumbi la betri, itapungua. Lakini ubongo wake ulikuwa bado unajengeka. Kilichoharibika huenda kisirudi chote."

Nje, Githinji aliketi kwenye benchi, mikono yake myeusi magotini.

"Mama Muigai, watu wote hawa, hata mmoja hangetuambia?"

Wangeci alimwangalia mtoto. Hata wakati huo, katika aibu yake, alikuwa akimwonea Jemutai wivu.

"Tuliambiwa," akasema. "Niliambiwa mimi."